Gari la umeme: kabla ya kulipia chaja, fungua meinswichi yako

Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani wamezoea hesabu moja: bei ya gari, nauli ya meli, ushuru wa bandarini, matairi na oili. Kwa gari la umeme hesabu hiyo ina mstari mmoja zaidi, na wengi huukuta baada ya gari kuwa limeshafika nyumbani. Mstari huo ni kisanduku cha breka kilichopo ukutani, ambacho maduka ya vifaa vya umeme hukiita konsyuma yuniti na wateja wengi hukiita meinswichi tu.

Mteja anayeagiza Nissan Leaf au gari jingine la aina hiyo kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya chaja. Ukurasa huu unamshauri aanzie upande wa pili. Chaja isiyofaa inaweza kurudishwa dukani au kuuzwa kwa mwingine. Waya mwembamba uliokwisha kupitishwa darini hauna mnunuzi, na ukishika moto unaondoka na nyumba pamoja na gari.

Kwa wafanyabiashara wa vifaa vya umeme suala hili lina uzito wake pia. Kuna breka na swichi za kinga zinazofanana kwa sura na kupishana sana kwa bei, na anayeuza bila kujua tofauti yake anamuuzia mteja hasara, naye mwenyewe anajiuzia kesi.

KISANDUKU KINAFANYA NINI

Umeme ukitoka kwenye Luku huingia katika kisanduku na kupita swichi kuu, kisha swichi ya kinga inayojulikana kwa herufi RCD, halafu hugawanywa kwenye breka ndogo ndogo. Kila breka ina njia yake: taa, soketi, jiko, hita ya maji.

Kazi ya breka ni kulinda waya usipitishe umeme mwingi kuliko uwezo wake. Kazi ya RCD ni kulinda watu. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na ikikuta tofauti ya kiasi cha ampea 0.03, yaani miliampea 30, inakata. Tofauti hiyo maana yake ni kwamba kuna umeme unaopotea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu.

Nyumba nyingi zilifungwa umeme kwa ajili ya vitu vinavyovuta sana kwa muda mfupi. Pasi huwaka na kuzima, hita ya kilowati 3 hufanya kazi nusu saa. Chaja ya gari huvuta kiwango kilekile kwa saa nne, sita au kumi mfululizo, usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Skrubu iliyolegea kidogo, ambayo kwa pasi isingeonekana, kwa chaja hupata muda wa kutosha kuchemka na kuyeyusha plastiki.

Waingereza, ambao mtindo wa visanduku vyetu umetoka kwao, walilitazama jambo hili la viungo vilivyolegea, na kuanzia Januari 2016 kanuni yao ya ufungaji umeme, BS 7671, inataka visanduku vya majumbani viwe vya kitu kisichoungua, kwa kawaida chuma. Anayebadilisha kisanduku chake leo kwa ajili ya gari hana sababu ya kununua cha plastiki.

GARI LENYEWE LINAKUBALI KIASI GANI

Kabla ya kuchagua breka, mnunuzi ajue gari lake linapokea umeme kiasi gani. Kile kiboksi cha ukutani tunachokiita chaja si chaja hasa. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Cha ukutani ni swichi yenye akili inayolieleza gari kiwango linachoruhusiwa kuvuta.

Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010 zikiwa na betri ya uniti 24, zilikuwa na chaja ya ndani ya takriban kilowati 3.3. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama ampea 14. Mwenye gari hilo akinunua kiboksi cha kilowati 7.4, ambacho ni ampea 32, gari litaendelea kuvuta ampea 14 tu. Amelipia kifaa kikubwa, breka kubwa na waya mnene bila kupunguza hata saa moja ya kuchaji. Mwenye gari jipya linalokubali ampea 32, kwa upande wake, atapata faida ya kiboksi hicho.

Jambo la pili ni mdomo wa plagi. Leaf za soko la Japani zina mdomo unaoitwa Taipu 1, wakati viboksi vinavyotoka Ulaya huja na soketi au waya wa Taipu 2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana mdomo wa aina ya tatu, GB/T. Mwenye duka anayeleta viboksi aulize kwanza ni magari gani yanayoingia mjini kwake, la sivyo atakaa na mzigo ghalani.

Aidha, anayeagiza kiboksi kutoka Uingereza asishangae kikikawia kuanza kuchaji. Sheria ya huko iliyoanza kutumika Juni 30, 2022 inataka viboksi vya majumbani vitoke kiwandani vikiwa vimepangwa kuepuka saa za msongamano wa matumizi, mpaka mwenyewe abadilishe mpango huo.

Wapo wanaoona njia fupi ni kuchomeka waya wa gari kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu. Waya hizo mara nyingi huvuta ampea 10, yaani kilowati 2.3, na betri ya uniti 24 iliyoisha kabisa itahitaji zaidi ya saa kumi. Soketi hiyo inavumilia ampea 13 kwa jina, lakini haikutengenezwa kuzibeba usiku kucha. Ikibidi, iwe soketi nzuri yenye njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku, kamwe isiwe ekstensheni.

HESABU YA NYUMBA NZIMA

Hatua inayofuata ni kujumlisha. Soma kwenye uso wa mita na swichi kuu ampea zilizoandikwa. Tuchukue mfano wa nyumba yenye swichi kuu ya ampea 60. Hita ya maji huvuta ampea 13, jiko la kilowati 3 ampea 13 nyingine, viyoyozi viwili jumla ampea 12. Hapo tumefika 38. Ukiongeza chaja ya ampea 32 unapata 70, na hujahesabu friji wala taa.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuomba njia kubwa zaidi ya umeme, na hiyo ina gharama na kusubiri. Ya pili ni kuteremsha kiboksi. Vingi vinaweza kuwekwa kwenye ampea 16 badala ya 32. Ya tatu ni kununua kiboksi chenye kipimo kinachofungwa kwenye waya mkuu, kikapunguza chaji chenyewe kila jiko au hita inapowashwa. Kwa mtu anayeegesha gari saa 2 usiku na kuondoka saa 12 asubuhi, ampea 16 zinampa zaidi ya uniti 36 kwa usiku mmoja, ambazo ni nyingi kuliko betri nzima ya Leaf ya mwanzo. Njia ya pili haina gharama yoyote, lakini ndiyo inayosahaulika.

WAYA MWEMBAMBA UNAKULA FEDHA

Kwa gari la ampea 14, njia ya breka ya ampea 20 na waya wa shaba wa milimita 4 inatosha vizuri. Kwa chaja ya ampea 32, mafundi wengi hufunga breka ya ampea 40, kwa kuwa breka iliyobanwa katikati ya wenzake ndani ya kisanduku cha moto, ikibeba kiwango chake chote kwa saa nyingi, huanza kukata bila sababu.

Hapo ndipo kosa hufanyika. Fundi anaona amebakiwa na waya wa milimita 4 na kuuvuta. Kwa majedwali ya BS 7671, waya huo ukiwa ndani ya bomba unaruhusiwa ampea 32 tu. Breka ya 40 haiwezi kuulinda: waya utachemka kabla breka haijastuka. Waya wa milimita 6 unaruhusiwa ampea 41, lakini jedwali hilo limehesabiwa kwa hewa ya nyuzi joto 30. Chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, dari inazidi hapo. Kwenye nyuzi 40 uwezo wa milimita 6 unashuka hadi kama ampea 36. Kwa hiyo kwa njia inayopita darini, waya wa milimita 10 ndio wa kununua.

Mwenye kuona bei ya milimita 10 ni kubwa afanye hesabu ya upotevu. Kwa umbali wa mita 30 na ampea 32, waya wa milimita 4 unapoteza volti 10.6, ambazo ni wati 338 zinazogeuka joto ndani ya ukuta. Waya wa milimita 10 unapoteza wati 135. Tofauti ni wati 203. Kwa saa tano za kuchaji ni uniti moja. Kwa usiku 150 katika mwaka ni uniti 150, ambazo utazilipia Luku bila gari kusogea hata hatua moja.

ETHI NDIYO BIMA YA KWANZA

Nyumba nyingi hapa zina fimbo yake ya ethi iliyopigwa chini uani. Wakati wa kujenga haikupimwa. Ilipigwa, ikafungwa waya, ikafukiwa. Gari la umeme linairudisha fimbo hiyo kwenye hesabu, kwa sababu gari ni bati kubwa linaloguswa na mtu aliyesimama juu ya udongo, pengine miguu peku na mvua inanyesha.

Tuseme fimbo ina ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi ya gari, umeme utakaokwenda ardhini ni volti 230 ukigawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 40 haitasikia chochote. Itakaa imewashwa, na bodi ya gari itakaa na umeme unaoua. Kinachoweza kukata hapo ni RCD peke yake, kwani kwake ampea 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya kiwango chake.

Kanuni ya Uingereza inahesabu kwamba fimbo inayozidi omu 200 haiaminiki, kwa kuwa udongo ukikauka ukinzani hupanda. Ardhi ya kichanga wakati wa kiangazi inaweza kufika huko. Dawa ni kupiga fimbo ndefu zaidi au kuongeza ya pili, na kupima kwa mashine. Kubonyeza kitufe cha kujaribia RCD ni jambo jema, na inashauriwa lifanyike kila miezi sita, lakini kitufe hicho kinajaribu swichi tu. Hakisemi lolote kuhusu fimbo.

RCD ZINAFANANA, HAZILINGANI

Hapa tunawaomba wenye maduka wasome kwa makini. Kuna RCD za aina tatu zinazohusika. Aina ya AC, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, ina alama ya wimbi moja kwenye uso wake. Aina ya A ina alama ya wimbi na chini yake vilima vya nusu wimbi. Aina ya B inaongeza mistari iliyonyooka.

Tofauti inatokana na umeme wa betri. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Umeme wa betri hunyooka upande mmoja. Kifaa cha ndani ya gari kikiwa na hitilafu, umeme ulionyooka unaweza kuvuja kurudi kwenye nyumba. Ukipita ndani ya RCD ya aina ya AC unaweza kuilevya sumaku yake, na tangu hapo hata mtu akipigwa na umeme wa kawaida swichi isikate. Kwa kuwa RCD moja mara nyingi hulinda nyumba nzima, gari lililo uani linaweza kuondoa kinga ya mtoto anayegusa friji jikoni.

Kanuni za kimataifa na za Uingereza zinataka mojawapo ya mambo mawili: RCD ya aina ya B kwa njia ya gari, au ya aina ya A iwapo kiboksi kina kifaa chake cha ndani kinachokata umeme ulionyooka unapozidi miliampea 6. Aina ya B ni ghali sana kuliko A. Kwa hiyo kabla ya kununua kiboksi cha bei ya kutupwa, soma karatasi yake. Kama haisemi kina kinga ya miliampea 6, utalazimika kununua RCD ya aina ya B, na unafuu wote utakuwa umekwisha.

Njia ya gari iwe na RCD yake yenyewe, au breka iliyounganishwa na RCD, isipite chini ya ile ya nyumba nzima. Hitilafu ikitokea usiku itazima chaja peke yake na friji itaendelea. Nyutro ya njia hiyo irudi kwenye RCD hiyohiyo. Ikiungwa kwenye nyutro ya jirani, swichi itakata kila chaja inapoanza. Hapo ndipo baadhi ya mafundi, wakichoshwa na simu za mteja, huruka RCD na kuunga moja kwa moja. Chaja huwaka, mteja hufurahi, kinga hakuna. Fundi akikuambia ameiondoa kwa sababu ilikuwa inasumbua, usimlipe mpaka airudishe na aonyeshe kilichokuwa kinaisumbua.

LUKU NA FAIDA YENYEWE

Je, gharama hizi zinarudi? Kwa bei za umeme zilizoanza Aprili 2016, kundi la T1 lilipangiwa Sh. 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo ikawa kama Sh. 356, ndiyo sababu wateja walizoea Sh. 10,000 kutoa uniti 28. Kundi la D1 ni la kaya zenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa Sh. 100, na uniti za ziada Sh. 350 kabla ya kodi na tozo. Mwenye gari la umeme asijidanganye kwamba atalichaji kwa bei ya D1. Kwa safari za kilomita 1,000 kwa mwezi gari dogo linakula kama uniti 180, mara mbili na zaidi ya kiwango hicho, kabla ya kuwasha taa.

Uniti 180 kwa Sh. 356 ni kama Sh. 64,000. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 83 kwa safari hizohizo. Tukichukua Sh. 3,000 kwa lita kwa mfano, ni Sh. 250,000. Nafasi iliyopo ni kama Sh. 186,000 kwa mwezi. Msomaji aweke bei ya kituo chake na ya risiti yake ya Luku, kisha agawe gharama ya kisanduku, waya na ethi kwa tofauti atakayoipata. Jibu lake ni idadi ya miezi ya kurudisha fedha.

Nchini Kenya hesabu ilipata nafuu zaidi. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, mdhibiti wa nishati aliweka kundi maalumu la vyombo vya usafiri vya umeme kwa Sh. 16 za Kenya kwa uniti, na Sh. 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Mwekezaji wa huko anayechaji usiku anaanza na nusu ya bei.

UTARATIBU WA KUNUNUA

Kwanza soma ampea ambazo gari linakubali na aina ya mdomo wake. Pili, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya mdhibiti wa nchi yako, apime ethi, ajumlishe mzigo wa nyumba na aandike kwenye karatasi. Tatu, nunua kisanduku cha chuma kama cha zamani hakina nafasi, pamoja na breka za chapa moja na kisanduku hicho. Breka ya chapa nyingine inaweza kuingia lakini isikae sawasawa kwenye upau wake, na hapo ndipo joto huanzia. Nne, nunua waya na RCD. Kiboksi cha ukutani kije mwisho.

Wenye maduka waweke akiba ya RCD za aina ya A, breka za ampea 20 na 40, waya wa milimita 10 na fimbo ndefu za ethi. Bidhaa hizo zinauzika hata kwa asiye na gari la umeme, kwa hiyo hazitalala.

Na kwa mwekezaji mdogo anayejenga nyumba ya kupangisha, ushauri wetu ni mfupi zaidi: acha nafasi mbili tupu kwenye kisanduku, na laza bomba tupu kutoka hapo hadi maegesho kabla ya plasta. Leo ni gharama ya bomba na nusu siku ya kibarua. Mpangaji atakapokuja na gari lake, hamtavunja ukuta.